Sifuri za Wajane

Wanaume kumi na tisa walifukiwa na kifusi mgodini, huko kaskazini mwa Ontario, nchini Kanada, katika mji aliozaliwa Noemi Charbonneau. Mwaka ulipotimia, kampuni ya mgodi ilitaka kujua kama wajane bado wanamhitaji mshauri nasaha iliyekuwa ikimlipa. Profesa Whitcombe alipewa kazi ya kuwapima, naye akamtuma Noemi, mwanafunzi wake wa uzamivu, na dodoso la maswali ishirini na moja. Kila swali lilijibiwa kwa kuzungushia namba, kuanzia sifuri kwa asiye na dalili hadi tatu kwa aliyezidiwa. Azikusanye, arudi.

Noemi alizikusanya, ila aliomba pia ruhusa ya kurekodi mazungumzo.

Bi Aune Lehtinen, mwenye miaka sitini na minne, alizungushia sifuri karibu karatasi nzima. Noemi alikuwa ameshaanza kufunga mkoba pale mama yule alipommiminia kahawa na kumkatia mkate wa iliki.

"Kulia sikulii, mwanangu. Kwetu hatulii," alisema. "Ila tangu mume wangu Veikko afe sijatia mguu sauna, kile chumba cha mvuke tulichokuwa tukioga pamoja. Naoga kwa beseni kama mgonjwa. Hilo karatasi yako haijaniuliza."

Ndivyo ilivyokuwa nyumba baada ya nyumba. Mmoja alikuwa akilala na viatu, asije akakutwa peku watu wa mgodi wakija tena kubisha mlango na habari za msiba. Naye dodoso lake lilijaa sifuri.

Profesa alifurahia wastani aliopata: wajane walikuwa wazima. Noemi alipomsihi maneno yao yaingie kwenye ripoti, alimjibu kwa upole kwamba maneno kila mtu huyafasiri atakavyo, lakini namba haina upendeleo. Hadithi za jikoni, alisema, si data.

Noemi alirudi chumbani kwake akazisikiliza tena rekodi zote. Kesho yake aliwapigia simu wajane mmoja mmoja, akiwauliza kama angeweza kusoma maneno yao hadharani. Watatu walikataa, akayaacha ya kwao. Bi Aune alimwambia asome, na jina alitaje.

Mkutano wa kusomwa kwa ripoti ulifanyika Februari katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Profesa alionyesha michoro yake, na meneja wa kampuni akawa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Noemi akasimama na karatasi zake.

"Keti, Noemi. Hili tulishaongea."

"Tuliongea mimi na wewe, Profesa. Wenyewe hawakuwepo."

Akasoma. Aliposoma habari za beseni, meneja alimkatiza, akamgeukia Bi Aune kumuuliza kwa nini basi alizungushia sifuri.

Bi Aune aliinuka taratibu, koti lake bado limefungwa vifungo vyote.

"Mliniuliza kama nalia. Nikasema kweli. Kama mnataka kujua ninavyoishi, niulizeni ninavyoishi. Na huyo binti mwacheni amalize."

Hakuna aliyemkatiza Noemi tena. Alisoma dakika arubaini, na wajane waliokuwa wameketi nyuma wakasogea viti vya mbele, wakakaa wakimtazama meneja.

Mshauri nasaha aliongezewa miaka miwili. Noemi hakuongezewa kitu. Profesa aliliondoa jina lake kwenye makala ya utafiti ule, akamtoa kwenye maabara, kisha akamwandikia afute rekodi zote. Noemi alimjibu kwa mstari mmoja: wenye sauti hawajasema zifutwe. Nakala ya barua hiyo aliipeleka kwa kamati ya maadili ya chuo, nayo ikaamua zihifadhiwe.

Alipoteza mwaka mzima kabla ya kupata msimamizi mwingine, mama mkali aliyekubali namba na maneno vikae katika sura moja ya tasnifu yake. Mwaka ule alifanya kazi katika duka la rangi, na jioni alikuwa akiandika mahojiano yale neno kwa neno, pamoja na pale wajane waliponyamaza, na kila kimya alikiandikia sekunde zake.