Siku Mektilda Alipoliacha Duka

Mektilda alikuwa na uchovu ule usiotoka kwa kulala, maana hata kulala kwenyewe hakukuwepo. Mumewe, Rogath, alikuwa Moshi mwezi wa pili sasa, akimuuguza mama yake. Dada wa kazi aliaga kwenda msibani kwao, hakurudi. Shule nazo zilikuwa zimefungwa. Basi kila asubuhi Mektilda alitoka Ilala na Lucky mgongoni, mtoto wa miezi tisa anayeota meno, na Agnesi wa miaka sita mkononi, wakaja kushinda kwenye duka lake la vyombo Kariakoo.

Rogath akipiga simu, jibu lilikuwa moja: "Tuko salama, wewe muuguze mama."

Jumatano hiyo, saa nane mchana, alikuwa akimfungia mteja sufuria dazeni tatu. Lucky akaanza kulia kwenye mkeka nyuma ya kaunta. Agnesi akaona amsaidie mama yake, akachukua chupa ya uji amlishe mdogo wake. Chupa ikamponyoka. Uji ukamwagika juu ya maboksi, ukachuruzika hadi kwenye mzigo wa mteja. Mteja akasonya, akasema atanunua kwingine.

Mektilda hakujua aliushika mwiko saa ngapi. Alijiona tu ameuinua juu. Na Agnesi hakukimbia. Alijikunja juu ya Lucky, akamfunika kwa mgongo wake, kama kuku na vifaranga mwewe akipita. Mektilda akaelewa kwamba mtoto anamkinga mdogo wake asipigwe na mama yao.

Akauweka mwiko chini taratibu, akaenda duka la jirani la mashuka, kwa Hind, Mwarabu mtu mzima ambaye wote walimwita Mama Dalia.

"Mama Dalia, niangalizie watoto."

"Unaenda wapi?"

"Sijui."

Alitembea tu. Akapita Mnazi Mmoja, akapita Posta, akajikuta Magogoni katikati ya watu wanaopanda pantoni. Naye akapanda. Kigamboni, ng'ambo ya pili, hakuwa na shughuli yoyote. Aliegemea chuma cha ubavuni, akafumba macho, na muda wote wa kuvuka hakuna aliyemwita mama, hakuna aliyemvuta nguo. Alipofika ng'ambo, wazo likamjia kwamba anaweza asirudi. Halikumtisha mara moja. Lilimtisha baadaye kidogo, maziwa yalipoanza kumlowesha blauzi, kwa kuwa saa ya Lucky kunyonya ilikuwa imefika. Akapanga foleni ya kurudi.

Alikuta duka limepigwa deki. Lucky amelala begani kwa Hind. Agnesi amekaa juu ya boksi, anamtazama bila kusogea.

"Umekula?" Hind akauliza.

"Nilitaka kumpiga, Mama Dalia. Kumpiga kweli."

"Niliona." Hind akampa mtoto amnyonyeshe. "Mimi binti yangu Dalia nilimpiga. Kwa mwiko hivyo hivyo. Leo ana watoto wake, alama bado iko juu ya jicho, na hatujawahi kuizungumza. Wewe uliondoka. Heri uliondoka."

Mektilda akalia kimya kimya, machozi yakimdondokea Lucky kichwani.

"Kesho nikishaswali alasiri unaniletea hawa wawili, ukalale stoo kwangu. Usinibishie. Na mumeo umemwambia?"

"Ana mgonjwa."

"Na wewe je?"

Akampigia palepale. Alisema yote, hata habari ya mwiko.

"Sasa mbona ulikuwa unasema mko salama?" Rogath akauliza.

"Nilikuwa nadanganya."

"Ngoja niongee na dada yangu Vicky aje akae na mama. Jumamosi nipo."

Jumamosi ilikuwa mbali, na meno ya Lucky hayakuwa na haraka. Hata hivyo Mektilda alivuta pumzi, ikamfika mpaka tumboni.

Akamwita Agnesi. Mtoto akasogea hatua mbili, akasimama.

"Uji kumwagika si kosa kubwa. Mama alikasirika kupita kiasi, akakutisha. Nisamehe, mwanangu."

"Ulienda wapi?"

"Kigamboni. Kupumzika."

"Utaenda tena?"

"Nikienda nitakuaga. Na nitarudi."

Agnesi akafikiri. Hakuja kukumbatiwa. Aliinama akaokota vifuniko vya sufuria vilivyotapakaa, akaanza kuvipanga kwa ukubwa wake. Mektilda akamwacha, akamhamishia Lucky titi la pili.