Eda ya Bi Marlys

Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, saa kumi na moja jioni, Marlys Haugen alikata keki ya kuagwa, akarudisha funguo, akavaa koti lake zito na kuondoka katika kiwanda cha makoleo ya kuzolea theluji katika mji wa baridi wa Duluth, alikosimamia usafirishaji kwa miaka thelathini na moja. Kivuli chake hakikuondoka. Kilibaki ukutani, pembeni ya kalenda, kikiendelea kupanga malori.

Aligundua alipofika kwenye maegesho, chini ya taa. Akaona kitamfuata kikimaliza, akaenda zake nyumbani.

Kiwandani alikuwa na kiporo chake: sehemu ya mshahara aliyokubali kila mwaka isilipwe mpaka astaafu. Fedha hizo zilikuwa za kumpeleka mumewe, Orrin, kwenye jua la Arizona angali anamjua mkewe. Orrin alikuwa ameshasahau majina ya mbwa wote waliowahi kuwafuga, na sasa alikuwa ameanza kusahau watu.

Sheria ya kodi inawataka wakubwa wa kampuni zenye hisa sokoni wakae eda ya miezi sita tangu waache kazi kabla ya kugusa kiporo, na Marlys alikuwa mmoja wao. Hata mjane hakai muda huo. Marlys alihesabu, akapata mwisho wa Aprili, akanunua kofia mbili za jua.

Mei mosi alikwenda ofisi ya malipo. Alimkuta Joelle, binti mpole mwenye faili nene.

"Bi Marlys, eda yako haijaanza."

"Haijaanza vipi, mwanangu? Nimeondoka tangu Oktoba!"

"Wewe umeondoka. Kivuli je? Kinapanga malori arobaini kwa wiki. Ukibaki na zaidi ya moja ya tano ya kazi yako ya zamani, hujaachana na kazi. Umeachika, lakini bado unalala kwa mume."

"Na kinalipwa?"

"Kivuli? Kwani kinakula?"

"Hakuna njia nyingine?"

Joelle alifungua faili, akasoma kwa makini. "Ipo. Ukifa, hakuna kusubiri miezi sita."

"Basi nikifa nitapita kuwaambia," alisema Marlys.

Akapanda juu kukichukua. Alikishika mkono, akavuta. Kivuli kikamwonyesha rundo la karatasi, kisha kikainua kidole kimoja: subiri kidogo. Ishara hiyo aliijua vizuri. Ndiyo aliyokuwa akimpa Orrin kila alipokuja kumchukua wakale chakula cha jioni. Akauachia ule mkono.

Mkurugenzi akapita na kikombe cha kahawa. "Hongera, Marlys! Kivuli chako tumekipandisha cheo, sasa ni mmoja wa wakubwa. Siku kitakapostaafu, nacho kitakaa eda yake."

Tangu siku hiyo, kila jioni Marlys humweka Orrin kwenye gari, wakaenda kuegesha mkabala na dirisha la ghorofa ya pili ya kiwanda, huenda kivuli kikamaliza mapema. Huvaa kofia zao za jua, maana zilishanunuliwa. Kivuli huonekana kimeinama.

"Yule mama anachapa kazi kweli," alisema Orrin jioni moja. "Hana mume?"

"Anaye."

"Maskini bwana wa watu."

Kisha akavunja biskuti yake, akamkabidhi Marlys kipande kikubwa kwa adabu, kama anavyokaribishwa mgeni, akamuuliza kama naye anamsubiri mtu.