Mke wa Dereva

Kiherehere ndiye aliyesimamisha lori la mbao. Tangu asubuhi yeye na dada yake walikuwa wakipanda milima kwa miguu, shanta mgongoni, na sasa goti la dada lilikuwa limevimba, ukungu nao unashuka. Dereva aliwapakia bure, wakabanana na mkewe pale mbele.

Kileleni, kabla barabara haijaanza kuteremka, lori lilisimama. Yule mke akakaza kamba za viatu, akashuka.

“Mama, mbona watuacha?” Kiherehere aliuliza.

“Mteremko huu huwa nateremka kwa miguu yangu,” akajibu, bila kumtazama mumewe.

Dereva akaangua kicheko. “Mwoga kama kunguru huyo! Funga mlango, binti.”

Dada alimtazama yule mwanamke akimezwa na ukungu.

“Tushuke,” akanong’ona.

“Na goti hilo? Utabebwa na nani, mimi?” Kiherehere akaubamiza mlango.

Lori likaondoka. Kwenye kona ya kwanza dereva alikanyaga breki, bado akicheka. Akakanyaga tena, safari hii kwa miguu yote miwili, na kicheko kikamkauka mdomoni.