Mchora Mapazia na Nyumba ya Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuchora yale mapazia makubwa yanayotundikwa nyuma ya watu kwenye studio ya kupigia picha. Wewe umetoka zako kwenye vumbi, viatu umeazima, lakini ukisimama mbele ya pazia lake tu, nyuma yako panamwagika maporomoko ya maji, milima imejaa theluji, na bata weupe wanaogelea ziwani kama hawana shida duniani. Maharusi, watoto waliomaliza shule, wazee waliostaafu, wote walipita mbele ya milima ile.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria moja, na aliyemfundisha alikuwa mpiga picha, mwenye studio. Katikati ya pazia usiweke kitu. Weka ukungu, weka majani mafupi, weka mwanga kidogo, basi. Mama Pazia alipokuwa bado mgeni kazini alichora mti mzuri sana katikati, shina limenyooka, matawi yametanuka. Akaja karani mmoja kupigwa picha ya kupeleka kwa binti aliyetaka kumposa. Picha ilipotoka, karani alikuwa ameota matawi kichwani kama mnyama wa porini. Nyumbani kwa yule binti walicheka mpaka mazungumzo ya posa yakasahaulika.

"Katikati ni pa mteja!" mpiga picha alifoka siku hiyo. "Miti yako ipeleke pembeni, ikasubiri huko!"

Tangu hapo mkono wake ulizoea. Kila chenye shina, paa au ncha, mkono ulikisogeza kando wenyewe, bila kumuuliza mwenye mkono.

Sasa, nyumba ya pili kutoka kwake alipanga mwalimu wa sanaa, kijana mpole mwenye miwani, aliyekuwa akifundisha watu wazima kila Jumamosi. Akamshawishi Mama Pazia ahudhurie. "Wewe unachora mandhari kuliko sisi sote," alimwambia. "Njoo basi usikie zilikotoka."

Akaenda. Mwalimu alisimulia kama mtu anayeeleza habari za ukoo wake. Alisema Uchina, zamani sana, wachoraji walichora milima na mito kwenye hariri, na mtu akiwemo, basi ni kadogo tu, kanavuka daraja kameinama. Lakini Ulaya, karne nyingi zilipita nchi ikichorwa nyuma ya watu: nyuma ya watakatifu, nyuma ya wafalme, nyuma ya tajiri na mkewe. Mlima ulikuwa kama mtumishi, kazi yake kusimama nyuma na kunyamaza.

"Kama mapazia yangu," Mama Pazia alidakia, na darasa likacheka.

"Hasa!" alisema mwalimu. "Ni yaleyale. Halafu taratibu wale watu wa mbele wakaanza kupungua. Uholanzi, watu wa kawaida wakataka picha za mashamba na mawingu ya kwao, watundike sebuleni, bila mfalme wala mtakatifu. Wakubwa wa vyuo vya sanaa walibeza. Kwao picha ya nchi ilikuwa kazi ya chini, chini ya picha za vita, chini hata ya picha za sura za watu. Na wachoraji wengi wakitoka nje walitazama tu, kisha wakarudi ndani kupanga miti wanavyotaka wao. Mpaka ikaja rangi ya kwenye tyubu, inayobebeka. Ndipo wengi walipotoka, wakaketi palepale, wakachora walichokiona."

Mama Pazia alirudi nyumbani kichwa kimemvimba. Kumbe kazi yake ilikuwa na babu na bibi! Akaanza kujiona. Hata mpiga picha alipomwita kwa jina lake la siku zote, alijibu huku amebinua mdomo: "Mimi ni mchoraji wa mandhari, bwana. Mapazia ni ya kutafutia chakula tu."

Ni wakati huohuo ndipo shangazi yake alipohamishwa.

Shangazi huyu, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kufutwa kamasi. Alikaa nje ya mji, mlimani, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Mlima ule wenye mawe mazuri ulichukuliwa kwa machimbo ya kokoto. Walilipwa, wakapewa muda, na shangazi akahamia mjini kwa mwanawe, fundi bomba, aliyemtengea chumba kizuri chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

"Mwanangu," shangazi alimwambia Mama Pazia, wakiwa wamekaa kitandani katika chumba kile, "kabla hawajapavunja, nenda ukanichoree kwangu. Kaa pale njia inapopinda, pale unapoanza kuiona nyumba ukitoka sokoni. Nataka niamke nipaone. Mimi macho yangu si ya kutazama kwenye simu."

"Nitakwenda, Shangazi. Tena nitakaa palepale nje, kama wachoraji wenyewe wanavyofanya."

"Haya. Mungu akuongoze."

Alikwenda kweli. Alibeba kiti cha kukunja, tyubu zake za rangi na turubai ya kuchorea, akapanda mpaka karibu na kona. Lakini pale njiani palikuwa na watu: wapimaji wa machimbo na kamba zao, wanawake waliotoka kuchota maji, vijana waliokaa juu ya bomba. Wote walimtazama. Akajiona mama mzima, mwili wake ule, anataka kukunjua kiti katikati ya njia na kuanza kupaka rangi mchana kweupe kama mtu asiye na kwao. Jasho jembamba likamtoka. Mwanamke mmoja akamuuliza, "Unauza nini, dada?" Naye akajibu, "Siuzi, napita tu." Akapita. Alishika kijia cha pembeni, akateremka upande wa pili, akazunguka, akarudi zake mjini bila hata kufika kwenye kona.

Akajisemea, pale nimekulia, napajua kama kiganja changu. Akaitundika turubai kwenye ukuta uleule wa studio, kwenye misumari ileile ya mapazia, akachora. Ikatoka picha nzuri. Alijipongeza peke yake.

Shangazi alipouliza kwa simu, alimjibu, "Nimekaa kutwa nzima, Shangazi. Jua limenichoma mpaka shingo imenibabuka."

Siku ya kuipeleka, fundi bomba aliwaita majirani wawili watatu waje kuona. Alikuwa mtu wa mzaha, sauti yake ya kupigia kelele kwenye mabomba hakujua kuipunguza ndani ya nyumba.

"Mama, kaa kwenye kiti," alisema. "Leo unahamishiwa mlima wako chumbani!"

Wakaondoa shuka lililoifunika. Majirani wakasema aah. Mlima wa kushoto ulikuwa umejaa miti, mlima wa kulia una mwanga wa jua linalochomoza, na juu mawingu mepesi. Shangazi akasogeza kiti. Akatazama. Akasogeza tena, mpaka pua ikakaribia rangi.

"Hii nyumba ya nani?" aliuliza, akionyesha paa dogo lililochungulia nyuma ya kichaka, ukingoni kabisa.

"Ni kwako, Shangazi."

"Kwangu? Hapo si kwa yule jirani aliyekula kuku wangu?"

Fundi bomba akaangua kicheko. "Jamani, dada! Umempeleka mama kuishi kwa mwizi wa kuku! Na hapa katikati mbona hamna kitu? Hapa ndipo nyumba ilipokuwa!"

Hapo ndipo Mama Pazia alipoiona picha yake kwa mara ya kwanza. Katikati palikuwa na ukungu, majani mafupi, na mwanga kidogo. Hapakuwa na mpera wa mbele ya nyumba. Hapakuwa na lile jiwe alilokuwa akikaa marehemu kunyoa ndevu. Upana wa mtu mmoja aliyesimama, au maharusi wawili wakibanana, ulikuwa umeachwa wazi, safi, kama umefagiliwa.

"Mama, simama hapo mbele tukupige picha!" alisema fundi bomba, na majirani nao wakacheka, kicheko cha watu wasiojua kama wanaruhusiwa.

Mama Pazia alitamani ardhi ipasuke immeze. Masikio yalimwaka moto. Alifungua mdomo, na pengine angesema kweli palepale, lakini shangazi alimtangulia.

"Mwacheni mwanangu," alisema kwa ukali. "Nyinyi mmewahi kukaa juani kutwa nzima kwa ajili yangu? Yeye amekaa. Shingo imebabuka. Mtu akichoka macho nayo huchoka. Tundikeni picha, ni nzuri."

Wakaitundika. Chai ikaletwa, na Mama Pazia akainywa ikiwa ya moto hivyohivyo, apate la kufanya na uso wake. Kicheko cha binamu angeweza kukivumilia. Lakini uongo wake kuchukuliwa na mtu mwingine, kupanguswa vumbi, na kutumiwa kumtetea yeye mwenyewe, hilo hakuliweza.

Siku zilizofuata studio ilimgeuka. Kila mteja aliyeingia, mpiga picha alisema maneno yaleyale: "Simama hapo katikati, baba. Hapo pa wazi." Na kila mara Mama Pazia aliinama kutafuta brashi ambayo haijaanguka. Jumamosi ilipofika, mwalimu alimuuliza mbele ya wenzake, "Eti ulitoka nje kuchora? Tueleze, ilikuwaje?" Akasema kichwa kinamuuma, akaondoka.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi, akamkuta anakunja nguo, picha iko juu yake ukutani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekuja mbiombio, kuna msiba?"

"Sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Kule. Nilifika karibu na kona nikaona haya kukaa mbele za watu. Nikachorea studio. Kuhusu jua, shingo, yote nilikudanganya."

Shangazi aliendelea kukunja kanga mpaka ikawa mraba mdogo kabisa.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Ukikaa kwenye ile kona huo mlima wa kulia huuoni, umezibwa na kichaka cha miiba. Nilijua pale nilipoitazama."

"Sasa mbona ulinitetea?"

"Ulitaka nikuvue nguo mbele ya majirani?" Shangazi aliiweka kanga juu ya nyingine. "Lakini nimeumia, mwanangu, siwezi kukuficha. Kuichora vibaya si neno. Mimi sijui kuchora hata yai. Nimeumia kwa kuwa niliomba kitu kimoja tu, ukapatazame."

Mama Pazia alipiga magoti akalia, na shangazi akamwacha alie. Kisha akasema, "Ishushe. Chukua rangi zako. Twende wote."

Walikodi gari la mjomba wa jirani, turubai wameilaza kiti cha nyuma kama mgonjwa. Walipofika kwenye kona walikuta uzio wa mabati na mlinzi amekaa juu ya ndoo.

"Mnatafuta nini, mama zangu?" aliuliza.

"Nyumba," alijibu shangazi.

Mlinzi alitaka kucheka, akaghairi. Alisogeza bati moja ili waone. Mlima wa kushoto ulikuwepo na miti yake. Kile kichaka cha miiba kilikuwa kimefyekwa, na mlima wa kulia sasa ulionekana wote. Ukingoni, paa la yule jirani lilikuwa bado limesimama. Katikati palikuwa na shimo jeupe, na vumbi lake limetanda mithili ya ukungu.

Shangazi alitazama shimo, akaitazama turubai, akalitazama shimo tena.

"Basi hukukosea," alisema polepole. "Ndivyo palivyo."

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana maneno yale yaliuma kuliko vicheko vyote. Mama Pazia aliketi chini, palepale njiani, hata kiti hakukikunjua. Akaifungua tyubu ya kwanza. Malori ya kokoto yalipita, na dereva mmoja akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Mama, nichore na mimi, lakini unitoe mzuri!" Wabebaji wa maji walisimama wakamwangalia. Uso ulimwaka vilevile kama siku ile, ila safari hii hakuinuka.

Juu ya ukungu wake wa zamani akaanza kusimamisha kuta. Hakuwahi kuchora nyumba katikati ya picha, na mkono ulimkatalia, ukivuta brashi kwenda pembeni. Akaushika kwa mkono wa pili. Kuta zikatoka zimeinama kama mlevi anayetafuta ufunguo. Akaweka paa. Akaweka mlango.

"Hapo siyo," alisema shangazi nyuma yake.

"Usogee wapi?"

"Mlango huo umeupita utoto wako wote, na bado unaniuliza mimi?"

Mama Pazia alifumba macho. Alijaribu kujiona akikimbia kutoka shule, njaa imemkaba, anaingia ndani. Aliuona mpera. Aliliona jiwe, na povu la sabuni ya marehemu. Mlango hakuuona.

"Sikumbuki, Shangazi," alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

Shangazi akainama kwa tabu, akamshika bega ili asianguke, akanyoosha kidole kuelekea hewani juu ya lile shimo.

"Mkono wa kulia. Karibu na jiwe. Ulikuwa wa mbao, ukivimba kila mvua ikinyesha, ikabidi tuupige teke."

Mama Pazia alichukua kitambaa, akaufuta ule mlango wa uongo mpaka turubai ikabaki na doa, akachovya brashi upya.