Siku Thelathini Bila Kukosa

Kinasih alipoanza kufunga sunna za Jumatatu na Alhamisi, mama yake, Bi Lastri, alijiona mwenye bahati kuliko wanawake wote wa mtaa wao pale mjini Klaten. Binti wa miaka kumi na tano, na hajasukumwa na mtu. Alimsifia kwa muuza tempe za soya, akamsifia msikitini. Mwili nao ukapungua, pongezi zikazidi.

"Sasa umekuwa msichana," alisema Warsi, dada mkubwa wa Lastri. "Mwaka jana ulikuwa gunia la mchele."

Kinasih alitabasamu. Lastri akacheka.

Kufikia Rajabu, msichana alikuwa anafunga siku moja, anakula siku moja. Alivaa majuba mapana. Futari aliichukulia chumbani, eti ana masomo mengi.

Ramadhani ikaja, ikakaribia kwisha. Siku mbili kabla ya Idi, wakiwa jikoni wanasuka vifuko vya majani ya mnazi vya kupikia wali wa sikukuu, Lastri alimuuliza ana siku ngapi za kulipa.

"Sina, Mama. Nimefunga zote."

Mikono ya Lastri ilisimama. Msichana aliyevunja ungo miaka mitatu iliyopita atafungaje mwezi mzima bila kukosa hata siku moja? Akaenda chumbani, akafungua kabati. Pedi alizomnunulia mwezi wa Shaabani zilikuwa bado kwenye pakiti.

"Ni nani?" aliuliza aliporudi.

"Nani nini?"

"Usinichezee. Nani kakupa mimba?"

Lastri akamshika mkono, akamkokota hadi kwa mkunga wa mtaa, kichwa wazi, mtandio kausahau jikoni.

Mkunga alimlaza kitandani, akapandisha juba. Lastri alikuwa amekuja kuona tumbo. Aliona mbavu, zote, na mifupa ya nyonga iliyochomoza, na mgongoni vinyweleo laini kama vya kichanga.

"Hana mimba," alisema mkunga. "Mwanao anakufa njaa."

Wakampandisha kwenye mizani. Kilo thelathini na nne.

"Zimeongezeka," Kinasih alinong'ona, akaanza kulia. "Jana zilikuwa thelathini na tatu."

Idi iliwakuta hospitali. Moyo ulikuwa unapiga polepole mno, daktari akamkataza kushuka kitandani hata kwenda chooni. Humo wodini ndimo Lastri alimosikia yote: mwalimu wa michezo aliwapima wasichana uwanjani, akataja kilo za kila mmoja kwa sauti. Za Kinasih zilikuwa sitini na mbili. Tangu siku hiyo darasa zima lilimwita Dumu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikwambia. Ukasema nipunguze wali."

Lastri alijaribu kukumbuka siku hiyo. Hakuikumbuka. Alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia hadi muuguzi akaja kumwondoa njiani.

Baada ya wiki tano waliruhusiwa. Kinasih amerudi shule, darasa moja nyuma ya wenzake, na nywele zake bado zinabaki kwenye kitana. Sahani moja humchukua saa mbili.

"Ukinitazama siwezi kumeza, Mama."

"Nisipokutazama unatupa."

Wote wawili wanasema kweli, na wote wanalijua hilo. Kwa hiyo hukaa hapo mezani, jirani wakipita na kusalimia dirishani, na wali unapoa.