Sinia la Kwanza

Tangu asubuhi mtia rangi hakukalia kiti. Mtoto mgongoni, macho juu: wingu likija, moyo unamruka, likipita, anarudi kuyainamia masinia yake matatu pale uani. Yalijaa maji ya buluu yaliyobaki baada ya kutia rangi mashuka. Maji kama hayo ndiyo yaliyokuwa yakitiririka hadi bustani ya jirani, na bwana afya alishasema bila kumung'unya maneno: akija leo saa tisa akakuta buluu, karakana inafungwa.

"Siku hizi jua nalo linafua maji?" mama mkwe alimtania kutoka mlangoni. "Mwanangu, hiyo shule ya jioni itakutia wazimu."

"Si jua peke yake, mama. Kuna unga mweupe nimeugandisha kwenye vioo humo chini. Mwalimu anauita kichocheo. Ni kama mshenga: analikutanisha jua na maji, rangi inavunjika, mwenyewe anabaki vilevile. Kesho anaitwa kwingine."

"Mshenga asiyedai chochote? Huyo simwamini."

Walicheka, lakini kicheko hakikumtuliza. Saa nane na nusu akaenda kumlaza mtoto. Aliporudi, maji ya sinia la kwanza yalikuwa maangavu kama ya mvua. Alitaka kupiga kigelegele. Hapo harufu ikampiga puani: dawa ya kung'arisha nguo.

Mama mkwe akamshika mkono. "Nimekusaidia. Wewe funga mdomo tu."

"Mama! Buluu imetoka, sumu imeingia! Hayo yakifika kwenye mboga za watu..."

"Hodi!"

Bwana afya alisimama getini, akachungulia sinia la kwanza kwa mbali. "Ala! Kumbe si porojo za darasani." Kalamu tayari ilikuwa mkononi.

Mtia rangi angenyamaza, yangekwisha. Akawaona watoto wa jirani wakichuma mchicha.

"Hilo lina dawa, bwana afya. Si kazi ya jua. Kazi yangu ni haya mawili."

Mama mkwe akageukia ukuta. Bwana afya akasogea, akanusa, akakohoa. Kisha akayatazama hayo mawili. Buluu ilikuwa imepauka kama shati la shule lililorithiwa, lakini buluu ni buluu.

"Bado haya."

"Bado. Ila jana yalikuwa wino mtupu. Mawingu yameniibia saa nne nzima. Nipe siku tatu, na hata tone halitavuka geti hili."

Bwana afya akajikuna kidevu. "Tatu. Na safari hii nitabeba chupa nikayapime. Macho yangu leo yamenidanganya."

Geti likafungwa. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafika kwenye sinia la pili. Mtia rangi akalishika ukingoni, zito.

"Mama, shika huko. Taratibu, lisimwagike."

"Tunalipeleka wapi?"

"Kule jua liliko."