Paku za Mjomba

Tui lilikuwa limeshachemka na pilipili zimeshasagwa. Kilichobaki ni paku tu. Erizal akaingia kutoka sokoni akitabasamu kama bwana harusi, akautua mfuko sakafuni kwa kishindo.

Desmiarti, mkewe, akauchungulia. Misumari mitupu.

"Nini hii, Uda?" akauliza, maana Uda ndivyo mke wa kwetu anavyomwita mumewe.

"Paku. Si umenitumia ujumbe? 'Mjomba anakuja mchana, leta paku nyingi.'"

"Paku za kula! Mboga! Yale majani ya kando ya mto, yenye ncha zilizojikunja! Mtu na akili zako unataka nimpikie Mjomba misumari?"

Kwetu Minangkabau paku ni msumari na paku ni mboga, na kwa kawaida hakuna tabu, maana mpishi ana lake na seremala ana lake. Lakini ukiolewa na seremala utakoma.

"Hebu niambie, ulidhani Mjomba anataka misumari ya nini?"

Erizal akajikuna kisogo. "Nilidhani amekubali tujenge karakana."

Desmiarti alitaka kulia kwa hasira. Karakana tena! Ardhi ya nyuma ya nyumba ni ya ukoo wa mke, na mwenye kauli ni mjomba wake. Bila karakana, Erizal alisema, ataondoka akatafute vibarua Jakarta, kama walivyoondoka waume wengine, na wengine hawakurudi.

"Mjomba bado anafikiria," akafoka. "Nikuambie mara ngapi? Toa mizigo yako njiani!"

Hakuitoa. Mjomba alipofika alikula wali na mchuzi usio na mboga, hakulalamika, ila alipokuwa akiinuka akajikwaa kwenye mfuko.

"Misumari yote hii ya nini?"

"Ya karakana, Mjomba," Erizal akajibu kwa adabu. "Ukishamaliza kufikiria."

"Kufikiria nini? Mimi sijaulizwa kitu."

Desmiarti akahisi uso unamwaka. Mara zote alizokwenda kwa mjomba na ombi lake mdomoni, mzee alikohoa tu, naye akaogopa, akaishia kuzungumza habari za mpunga. Kisha akarudi nyumbani kumwambia mumewe asubiri. Hasira zote za asubuhi zikamgeukia mwenyewe, na alistahili.

Erizal hakumtazama mjomba. Alimtazama yeye.

"Desi, ujumbe wako ulinikuta stendi," akasema polepole. "Nilikuwa kwenye foleni ya tiketi za Jakarta. Niliposoma paku, nikatoka."

 Desmiarti akamgeukia mjomba wake, akaomba kile kipande cha ardhi. Mjomba alikubali hata kabla hajamaliza kusema, kisha akaagiza maji ya kunawa.